Nyumba ya Krismasi na Njia ya Chooni

Mwishoni mwa Desemba vihamba vya Old Moshi, yale mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hujaa magari. Kutoka Kiboriloni kupanda Kikarara na Tsuduni hadi Kidia, mageti yako wazi, kila ua una harufu ya nyama ya kuchoma, na watoto wasiojua Kichagga wanafukuzana chini ya migomba. Wiki ya kwanza ya Januari magari hushuka. Anayebaki kwenye nyumba ya vyumba vitano ni mama mmoja wa miaka sabini na kitu, ng'ombe mmoja, na simu ya batani.

Kabla magari hayajashuka hufanyika kikao cha familia. Ajenda zake zinajulikana: mpaka, ada za shule, harusi ya fulani, kaburi la baba lijengwe kwa marumaru au kwa mawe. Siku hizi imeongezeka ajenda nyingine, nayo huwekwa mwisho, watu wakiwa wamechoka na pombe ya mbege imeshapita mara ya pili: mama atabakije peke yake? Mjadala ulio hapa chini nimeutunga mimi, na wasemaji wake si watu halisi, ndiyo maana sikuwapa majina. Nimewapa nafasi zao tu katika familia na kijiji. Hoja zao ni zile zinazosemwa kwenye vikao vya namna hii, mara nyingi kwa sauti ya juu kuliko nilivyoziandika.

KAKA MKUBWA (anaishi Dar es Salaam): Mama, nisamehe nikisema wazi. Simu ikiita usiku nikaona namba ya huku, kabla sijapokea nimeshakuzika. Una miaka sabini na sita, una presha, na mteremko huu masika hata sisi wenye magoti mazima tunaushuka kwa kushika migomba. Kwangu Kimara chumba kipo, choo kipo ndani, wajukuu wapo. Tufunge nyumba, twende. Kihamba hakihami.

MAMA: Hakihami, mwanangu, ila kinaingiwa. Nyumba ikikaa na kufuli miaka miwili, masale ya mpakani yanaanza kutembea. Halafu nikifika Kimara nifanye nini? Nilikaa kwenu mara ile nikawa mgeni: naamka, nakaa kwenye sofa, nasubiri mrudi kazini mniulize kama nimekula. Huku nina ng'ombe, nina kikoba, nina kwaya ya kina mama, na baba yenu amelala pale nyuma ya mparachichi. Ukoo wa Mangi Meli mpaka leo unatafuta kichwa chake Ujerumani ili kirudi Old Moshi. Ninyi mnataka kunitoa Old Moshi nikiwa na kichwa changu bado shingoni?

Hapo kikao hucheka, na hoja ya Kaka Mkubwa huzimwa na kicheko bila kujibiwa. Si haki. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, hakuwa na tatizo la presha. Hofu ya mtoto aliye mbali ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Jibu hilo analo mwingine.

MUUGUZI MSTAAFU (jirani): Mimi nimefanya wodini miaka mingi, niruhusuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Wanaokufa zaidi ni wa miaka 60 kwenda juu. Huku hatusemi mtu amekufa kwa kuanguka. Tunasema aliugua nyonga, akalala, vidonda vya mgongoni vikamtokea, mapafu yakajaa, Mungu akamchukua. Mwanzo wa yote ni kizingiti.

KAKA MKUBWA: Basi unaniunga mkono. Ashuke.

MUUGUZI: Sikusema ashuke. Mama huyu anapanda na kushuka kihamba hiki kila siku, ndiyo maana miguu yake bado inamtii. Mkalishe kwenye sofa mwaka mmoja, uje uone anavyoinuka. Kutoutumia mwili nako ni njia ya kumwangusha. Mimi swali langu si aishi wapi. Swali langu ni anatembea wapi saa nane usiku.

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kufungua kikao, nami naona kila kilichosemwa kabla yake kilikuwa dibaji. Ukimfuata mzee asubuhi na jioni utaona hatari nyingi: majani ya ng'ombe yanayobebwa kichwani, kuni, mfereji wa kuruka, udongo mwekundu unaoteleza. Lakini mchana ana macho yake, ana fimbo yake, ana watu wanaopita njiani. Usiku hana kitu hata kimoja kati ya hivyo. Ana kibofu chenye haraka, kidonge cha presha alichomeza jioni, na giza.

FUNDI (jirani, amejenga nusu ya nyumba za kitongoji): Mimi nitasema na mtanikasirikia, maana pesa ya kazi hii nimeila mimi. Nyumba hii si ya Mama. Nyumba hii ni ya wageni. Bosi, uliniambia unataka marumaru ya kung'aa, picha ulinitumia mwenyewe kwenye simu. Nikakuuliza tuweke ya kukwaruza barazani, ukasema inaonekana ya bei rahisi. Baraza lina vidato vitano kwa sababu ulitaka nyumba inyanyuke ionekane kutoka barabarani. Vidato havina pa kushika kwa sababu uliona reli itaharibu sura. Mvua ikipiga baraza lile, mimi mwenyewe na buti zangu napita pembeni.

KAKA MKUBWA: Choo cha ndani je? Nilijenga viwili.

MAMA: Vipo. Kimoja kiko ndani ya chumba chako, na ufunguo unao wewe.

FUNDI: Na cha pili kinataka ndoo nzima ya maji kila kikitumika. Maji ya bomba hapa yana siku zake. Mama hawezi kubeba ndoo kutoka kwenye tangi kupanda vidato vitano ili aende choo cha kizungu. Anakwenda kile cha zamani, cha shimo, nyuma ya banda la ng'ombe.

Naomba kusimama hapa kidogo, kwa sababu tumefika kwenye kiini na watu hukiona kichafu. Mlimani kwetu choo kina historia ya kufichwa. Wazee wa zamani walikuwa na siri ya ngoso: mwanamume aliyepita jando alidai mbele ya wanawake na watoto kwamba amezibwa, hana tena haja kubwa, na wanaume wote walisaidiana kuutunza uongo huo mzuri. Wageni walioandika habari za Wachagga waliushangaa sana. Siri yenyewe imekwisha zamani, lakini adabu yake ninaiona bado kwenye ramani za vihamba vyetu: choo kiko mbali, nyuma, mahali ambapo mgeni hataona mtu akielekea. Adabu hiyo ilibuniwa na watu wenye magoti ya vijana. Katika nyumba ya kale ya nyasi watu na mifugo walilala chini ya paa moja, moto katikati. Usiku mzee alikuwa na joto na watu wa kumsikia akiguna. Leo tuna nyumba ya bati jekundu yenye vyumba vitano, mama yuko kimoja, vinne vimefungwa, na choo kiko hatua nyingi gizani.

MUUGUZI: Ndiyo maana nasema awe na ndoo chumbani usiku.

MAMA: Ndoo! Nimelea watoto sita, nimezika mume, nimelipa ada kwa kahawa ilipokuwa kahawa, halafu mnirudishe kwenye ndoo? Ataimwaga nani asubuhi? Mkwe?

Hakuna aliyejibu upesi. Kuna hoja za usalama ambazo ni sahihi kabisa kitabibu na bado zinamdhalilisha mtu, na mtu akidhalilishwa hataitumia ndoo hata ukimnunulia ya dhahabu. Atasubiri mlale, atafungua mlango, atakwenda gizani akiwa na hasira juu ya giza.

FUNDI: Mama, si ndoo. Ni kiti. Natengeneza kiti cha mbao cha kawaida chenye mikono miwili, kina tundu na kifuniko, chini yake chombo. Mchana unakitupia kitambaa, mtu akiingia anaona kiti. Nimeshatengeneza, na sitasema kwa nani.

MAMA: Kina mikono?

FUNDI: Kina mikono, na kirefu kidogo kuliko kigoda, usichuchumae.

MAMA: Nitakiangalia.

"Nitakiangalia" kwa mama wa Old Moshi ni karibu na ndiyo kuliko wageni wanavyodhani. Lakini chombo cha ndani ni cha usiku tu. Mchana choo cha nje kinabaki, na fundi alikuwa na orodha yake ambayo hakuna aliyemwomba. Njia ya kutoka mlango wa jikoni hadi chooni imwagwe zege, nalo lichorwe na ufagio kabla halijakauka ili liwe na makwaruzo. Kando yake lipite bomba la chuma la kushika, urefu wa kiuno cha Mama na si cha Kaka Mkubwa; apimwe yeye. Chooni, bomba jingine ukutani, mbele ya tundu, la kujivutia wakati wa kuinuka, na lichimbiwe ukutani kwa saruji, lisifungwe kwa misumari. Taa ya sola mlangoni na nyingine chooni. Alisema vitu vyote hivyo vinapatikana mjini Moshi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kazi yake haifiki gharama ya marumaru ya chumba kimoja. Namwamini. Na vile vidato vitano vya barazani vipate reli pande zote mbili, sura iharibike.

KAKA MKUBWA: Na nina hakika gani kwamba vyuma vitasaidia? Tusije tukapaka rangi hofu yetu.

MUUGUZI: Swali zuri. Mwaka 2023 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, walitoa mapitio ya tafiti 22. Kuondoa vikwazo nyumbani, kuongeza mwanga, kuweka vishikio na kuzuia utelezi kulipunguza kuanguka kwa asilimia 26. Kwa wazee walio kwenye hatari zaidi, wale walioanguka karibuni au wanaohitaji msaada kidogo, asilimia 38. Na kuna jambo mtalipenda: hawakupata ushahidi kwamba mawaidha peke yake yanapunguza kitu.

MAMA: Ninyi wa kundi la WhatsApp la mawaidha, mmesikia?

Niongeze kwamba tafiti hizo zilifanywa zaidi kwenye nchi tajiri, ambako nyumba zina umeme wa uhakika na choo kiko mlango wa pili. Mtu anaweza kusema basi hazituhusu. Mimi nasoma kinyume. Kama kurekebisha nyumba iliyo tambarare yenye taa kila kona kunapunguza robo ya maanguko, nyumba yenye vidato vya kuteleza na choo nyuma ya banda ina nafasi kubwa zaidi ya kurekebishwa.

Kwa ndani Muuguzi alisema machache, akayapita haraka, nami nitafanya hivyo hivyo. Zulia dogo la mlangoni liondoke. Ndala zilizoisha soli zitupwe, Mama apate viatu vinavyoshika kisigino. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza, kizunguzungu cha dawa ya presha kipite, ndipo asimame. Macho yakapimwe, mtoto wa jicho anatolewa, na idara ya macho ya KCMC iko chini ya mlima wetu tu. Na miezi ya Juni na Julai, baridi ikishuka, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kama lilizoeleka. Hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Kisha ukaja mlango, na mlango ndio uliogawa kikao vibaya kuliko choo.

KITINDAMIMBA (anaishi Moshi mjini, anapanda kila Jumapili): Mama anajifungia kwa komeo mbili na ufito wa chuma kwa ndani. Madirisha yana nondo. Juzi nimefika saa moja asubuhi nimegonga mpaka mkono umeuma. Kumbe alikuwa ametokea mlango wa jikoni, anakamua ng'ombe bandani, hakusikia. Kwa muda ule mimi nilikuwa naangalia bati nikifikiria pa kupenya. Akianguka ndani usiku, atakayemsikia hawezi kumfikia.

MAMA: Na mwizi je? Mwaka ule wamechukua ng'ombe wa jirani na redio juu yake. Mama peke yake anajulikana. Nikiacha komeo moja, wa kwanza kujua si wewe.

KAKA MKUBWA: Nitaweka kamera. Nitakuwa nakuona nikiwa Dar.

MAMA: Uwe unaniona nikivaa? Kaweke kwa mkeo.

Kamera ikafia hapo, na sina machozi nayo. Lakini mvutano wa komeo una pande mbili zenye haki. Ufito wa chuma unamlinda Mama dhidi ya mtu mbaya na unamfungia nje mtu mwema. Anayesema "fungua" hajalala peke yake kihambani. Anayesema "funga" hajawahi kukaa sakafuni usiku kucha na nyonga iliyovunjika, baridi ya mlima ikimpanda. Njia iliyopatikana ni ya katikati na haikumfurahisha mtu: ufito na zile komeo mbili vitoke, liwekwe kufuli linalofunguka kwa ufunguo pande zote, na ufunguo wa pili ukae kwa Muuguzi. Mama alikubali Muuguzi na akakataa jirani mwingine aliyependekezwa, kwa sababu ambazo hazikuandikwa kwenye muhtasari. Nadhani alikuwa na haki hiyo. Ufunguo wa mlango wa mtu haugawiwi kwa kura.

Muuguzi akaleta jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

MUUGUZI: Miaka yote nimemjulia hali dada yangu huyu kwa moshi. Nikiamka naangalia juu ya migomba, nikiona moshi wa jikoni kwake najua amefufuka. Tangu mmemletea mtungi wa gesi sioni kitu.

KITINDAMIMBA: Gesi tulileta kwa ajili ya kifua chake.

MUUGUZI: Mlifanya vizuri, kifua kimepona. Lakini mmeniondolea alama, na hamkuniletea nyingine.

Wakakubaliana kuhusu pazia. Dirisha la jikoni linaonekana kutoka kwa Muuguzi. Mama akiamka avute pazia. Pazia likiwa limefungwa saa moja na nusu asubuhi, Muuguzi anapiga simu. Simu isipopokelewa, anakuja na ufunguo. Wahandisi wa nchi za mbali wametengeneza vitufe vya shingoni na sakafu zinazohisi kishindo, na labda siku moja vitafika Kidia. Pazia limeshafika.

Gesi ilileta swali la pili: je, Mama akianza kusahau? Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijijini wilaya ya Hai, jirani zetu wa mlima huu huu, wakawapima watu wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwa makadirio asilimia 6.4 wana dimenshia, ule ugonjwa wa akili kupotea polepole ambao huku tunauita uzee na kuuacha. Mama wa kikao hiki anakumbuka madeni ya mwaka 1989, kahawa ilipoporomoka bei. Siku atakaposahau kufunga mtungi, au atakapomtumia pesa yule wa "tuma kwenye namba hii", mabomba ya fundi hayatatosha, na kikao kitabidi kikae upya. Wote waliujua ukweli huo na hakuna aliyetaka kuukalia muda mrefu. Nami nawaachia.

Waliukwepa pia ukweli wa nani anafanya kazi ya matunzo, mpaka Kitindamimba aliposimama.

KITINDAMIMBA: Kaka, shikamoo yako nimekupa, sasa nisikilize. Mila inasema mtoto wa kwanza anapata kihamba chake, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, na wazazi wakiwa ndani yake. Ninyi wa katikati mlijitafutia, mkapata. Mimi nimerithi nyumba ambayo kwa macho ya watu ni zawadi. Kila Jumapili napanda. Mke wangu ndiye anayefua. Ninyi mnatuma pesa, na pesa mnaihesabu kwenye kundi kila mtu aone. Siku zangu nani anazihesabu?

DADA WA KATIKATI (anaishi Arusha): Tumesema mara ngapi tuweke dada wa kazi?

KITINDAMIMBA: Tumeweka wangapi? Binti wa miaka kumi na saba hataki kukaa milimani na bibi, asikie redio ya injili na kukata majani. Anakaa mpaka mshahara wa pili, anashuka Himo, harudi.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nitasema kwa nini naona familia zetu huikimbia. Bomba la chuma linanunuliwa mara moja na kuonekana. Matunzo hayaonekani, hayaishi, na kwa kawaida humwangukia mtu mmoja ambaye hakuombwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa mhimili wa matunzo ya mzee, na makao ya wazee kuwa hatua ya mwisho. Naikubali. Lakini familia iliyokuwa ikifikiriwa ilikuwa inalala kihamba kimoja. Vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, kahawa haisomeshi, watoto wameondoka kwa sababu walipaswa kuondoka. Ukisema "familia" sasa, mara nyingi unasema mkwe mmoja na bodaboda.

MWENYEKITI WA KITONGOJI: Serikali nayo isikimbie. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 aliye mkazi analipwa pensheni jamii, awe aliajiriwa au alilima. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna ya wote. Tuna TASAF, nayo ni ya kaya maskini, na mama mwenye nyumba ya vyumba vitano hawezi kuandikwa hata akilala njaa.

MAMA: Nyumba inanifanya tajiri.

MWENYEKITI: Na jambo jingine. Mjamzito akizidiwa, anapigiwa 115 bila malipo, kwa mpango wa M-mama anatafutiwa gari, hata la dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na dereva analipwa. Mzee akivunjika nyonga tunamfunga kwa kanga kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Madereva ni wale wale, barabara ni ile ile. Nimeulizia, nikaambiwa mpango ni wa mama na mtoto mchanga.

MAMA: Na mimi ni mama.

Naliunga mkono dai la Mwenyekiti moja kwa moja. Mtambo wa kuwafikisha watu hospitalini umekwisha kujengwa. Kuupanua ufike kwa wazee waliovunjika ni uamuzi wa bajeti, na uamuzi wa bajeti unadaiwa kwa diwani na mbunge, wanaokuja Old Moshi kula Krismasi kama sisi wengine. Tusisubiri wao, hata hivyo, kumwaga mita kumi na tano za zege.

Kikao kilimalizika kwa makubaliano ambayo hayakumridhisha mtu kwa ukamilifu. Mama anabaki. Fundi anaanza kazi mara magari yakishashuka, kuanzia njia ya chooni, na Mama ndiye msimamizi. Bila yeye kusema "imekaa sawa" hakuna malipo. Kaka Mkubwa aliacha ufunguo wa chumba chenye choo, akanunua na tangi dogo la kuinuliwa juu, maji yashuke yenyewe. Watoto wa mbali watapokezana kupanda, kila mmoja wikiendi moja kwa mwezi, Kitindamimba apumzike. Hili ndilo nina mashaka nalo, kwa sababu barabara ya Dar ni ndefu na Februari ina visingizio vingi. Kuhusu siku Mama atakaposhindwa kuishi peke yake, hawakuamua. Alisema atawaambia mwenyewe, na akawataka waahidi kumwamini atakapowaambia. Waliahidi.

Hukumu yangu ni kwamba Mama ana haki ya kubaki, na kwamba haki hiyo ni maneno matupu kama wanaomwachia hawakufanya kazi ya mikono. Mzee ndiye aseme aishi wapi. Watoto ndio wahakikishe pale alipopachagua hapamuui.

Kwa hiyo wewe unayepanda Desemba hii, kabla hujazungumzia kaburi wala rangi ya geti, fanya jambo moja. Muulize mama kama unaweza kulala usiku mmoja chumbani kwake. Saa nane uamke, uvae ndala zake, usiwashe simu, uende chooni anakokwenda yeye na urudi. Kesho yake asubuhi mwite fundi, na mama akiwa amesimama hapo, mwambie ulipoteleza.